Mizani Ihukumiwe Kwanza, Mtu Baadaye



Kila msimu wa kahawa maneno ni yale yale. Mkulima anashuka kilimani na gunia lake la kahawa nyekundu, anaifikisha kwenye kituo cha kuoshea, gunia linawekwa juu ya mizani, karani anasoma namba na kuiandika daftarini. Mkulima anasema: nyumbani ilikuwa zaidi. Baada ya wiki kadhaa kahawa iliyokwisha kukaushwa inapakiwa lori, mathalani kutoka Muyinga kwenda kukobolewa Gitega, na huko nako inapimwa tena. Namba zikitofautiana, lawama haikosi mtu wa kumwangukia. Mkulima humtuhumu karani, mwajiri naye humtuhumu karani, na mara nyingine upungufu hukatwa katika mshahara wa mtu ambaye hakuitengeneza mizani hiyo, hakuinunua, wala hakuulizwa itakaa wapi.

Hatusemi kwamba hakuna wezi wa mizani. Wapo, na sisi hatuwatetei. Lakini twasema hivi: kabla ya kumhukumu mtu, yapasa chombo kihukumiwe kwanza. Na ili mfanyakazi aweze kukihukumu chombo, lazima ajue kinavyofanya kazi. Ndiyo sababu katika toleo hili tunazungumza juu ya ufundi wa kusawazisha. Tutaanza na mizani ndogo ya dhahabu ya Muyinga, kisha tutakwenda mbali kidogo, hadi maabara moja ya Italia ambako mafundi husawazisha meza nzito zinazoning'inia hewani, halafu tutarudi kwenye mizani yetu ya kahawa tukiwa na majaribio ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya.

MIZANI YA VITANGA VIWILI

Huko Butihinda, upande wa Muyinga, watu huchimba dhahabu kwa mikono yao. Anayepima dhahabu hawezi kutumia mizani ya magunia. Ile mizani ya zamani ya vitanga viwili, ambayo wauza dhahabu wameijua kwa karne nyingi, ina mkono mmoja uliolala juu ya ukingo mkali kama wa kisu, kitanga kimoja kila upande, na ulimi katikati unaoonyesha kama mkono umelala sawa. Upande mmoja dhahabu, upande wa pili mawe ya mizani.

Mizani hiyo husimama juu ya mambo matatu. La kwanza, ukingo ule lazima uwe mkali na safi, kwa maana ukiwa butu au ukiwa na kutu, mkono hukwama na uzito mdogo hauonekani. La pili, pande mbili za mkono lazima ziwe na urefu mmoja. Ikiwa kila upande ni milimita 300, na mmoja ukazidi kwa milimita 1 tu, mizani itakosea gramu 3 na zaidi katika kila kilo. La tatu ndilo lisilojulikana na wengi: kitovu cha uzito wa mkono lazima kiwe chini kidogo ya ukingo unaoubeba.

Jambo hili la tatu mtu anaweza kulijaribu kwa rula ya mtoto wa shule. Toboa tundu katikati ya rula, lakini karibu na ukingo wake wa juu, uitundike kwenye msumari. Itatulia na kulala sawa, na ukiisukuma itarudi. Sasa igeuze ili tundu liwe chini. Rula itapinduka papo hapo. Ukitoboa tundu katikati kabisa, rula itakaa popote utakapoiacha, haina pa kurudi. Kwa hiyo mtengenezaji wa mizani ana kazi ya kuchagua. Akiweka kitovu cha uzito mbali chini ya ukingo, mizani itatulia upesi lakini itakuwa nzito wa kuhisi. Akikiweka karibu sana, mizani itahisi hata punje ya mchanga, lakini itachukua muda mrefu kutulia, na kosa dogo litaipindua.

Yakumbukeni maneno haya, kwa sababu tutayakuta tena kwenye mashine kubwa kuliko zote tutakazozitaja.

MAABARA INAYOPIMA MTIKISIKO WA MBINGU

Karibu na mji wa Pisa, Italia, mahali paitwapo Cascina, iko maabara inayoitwa Virgo. Ilijengwa kwa ushirikiano wa Ufaransa na Italia, ikazinduliwa mwaka 2003. Ina mabomba mawili marefu, kila moja kilometa 3, yanayokutana kwenye pembe kama herufi L. Ndani ya mabomba hayo hewa imeondolewa. Mwanga wa leza hugawanywa sehemu mbili, kila sehemu ikaenda katika bomba lake, ikapiga kioo kilichoko mwisho wa bomba na kurudi. Sehemu hizo mbili zikikutana tena, chombo husoma kama safari zao zimekuwa sawa au moja imepungua.

Kinachotafutwa ni mawimbi ya mvutano. Mwaka 1916 Albert Einstein aliandika kwamba vitu vizito mno vinapozungukana na kugongana huko angani, nafasi yenyewe hutikisika, na mtikisiko huo husambaa kama viduara vya maji baada ya jiwe kutupwa ziwani. Lakini ukifika kwetu umekuwa mdogo kupita kiasi. Urefu wa mabomba hubadilika kwa kiasi kilicho chini ya sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni, na protoni ni kiini cha atomu ya hidrojeni, kitu ambacho hata atomu yenyewe hukizidi kwa maelfu.

Katika kazi ya namna hiyo, adui ni kutetemeka. Lori likipita barabarani, ardhi hutetemeka. Bahari ikipiga pwani, ardhi hutetemeka. Upepo, miguu ya watu, pampu za maji, vyote huitikisa. Kioo kilichofungwa kwa boliti sakafuni kitatikisika pamoja na sakafu, na kipimo kitaharibika. Ndiyo sababu vioo vikubwa vya Virgo, kila kimoja kilo 42, vimening'inizwa. Na si vioo hivyo tu. Hata zile meza zinazobeba lenzi, vioo vidogo na vyombo vya kupokea mwanga, kadhaa kati yake nazo zimening'inizwa.

Kwa nini kuning'iniza kunasaidia? Chukua uzi wenye urefu wa mita moja, ufunge jiwe mwishoni. Sogeza mkono polepole kushoto na kulia: jiwe litafuata. Sasa tikisa mkono kwa haraka: mkono unakwenda huku na huku, lakini jiwe linabaki karibu pale pale. Jiwe la uzi wa mita moja huchukua sekunde 2 hivi kwenda na kurudi. Mtikisiko unaokwenda haraka mara kumi kuliko hapo huifikia jiwe ukiwa umebaki sehemu moja tu ya mia. Ukilifungia jiwe hilo uzi wa pili na jiwe la pili chini yake, mtikisiko unapunguzwa tena. Mafundi wa Virgo walifanya hivyo: walitengeneza minyororo ya mizigo iliyoning'inizwa mmoja chini ya mwingine, ikishikwa kwa springi za chuma maalumu, na mwisho wa mnyororo ndipo kioo kilipo.

KAZI YA KUISAWAZISHA MEZA

Basi, kitu kikishaning'inia huru, kimeepukana na sakafu lakini kimepata adui mpya: uzito wake chenyewe. Meza iliyofungwa sakafuni hulala sawa hata ukiirundikia vyombo vyote upande mmoja. Meza inayoning'inia huinama mara moja upande wenye uzito, kama kitanga cha mizani.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme meza na vyombo vyake ni kilo 100, na kitovu cha uzito kiko sentimeta 10 chini ya mahali inapotundikwa. Chukua chombo cha kilo 1, ukihamishe sentimeta 1 tu. Kitovu cha uzito wa meza nzima kitahama kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, na meza itainama kwa milimita 1 katika kila mita. Macho hayaoni kitu. Lakini mwanga unaotoka kwenye meza hiyo, ukienda moja kwa moja kilometa 3, utakuwa umekosa shabaha kwa mita 3. Hata boliti ya gramu 10 ikihamishwa sentimeta 10 itapotosha mwanga kwa sentimeta 30 kule mwisho, na kioo kinachoungojea kina upana wa sentimeta 35 tu. Mwanga uliolengwa katikati yake utapita pembeni.

Kwa hiyo kazi huanza kwenye daftari. Kila chombo kitakachokaa mezani hupimwa uzito kwanza, kikaandikwa pamoja na mahali pake: lenzi hii gramu kadhaa, sentimeta kadhaa kutoka katikati, kishikizo hiki gramu kadhaa. Kwa hesabu hiyo fundi hujua kitovu cha uzito kitaangukia wapi, naye hupanga vipande vya chuma vya kusawazishia upande uliopungukiwa. Kisha meza huinuliwa milimita chache tu juu ya vizuizi vyake, ili ikiinama isianguke. Hapo huwekwa pima maji, kile kile chombo cha fundi mwashi, ingawa hiki ni chepesi zaidi wa kuhisi. Fundi mmoja husogeza kipande, mwingine husoma. Wanangoja meza itulie. Wanasogeza tena. Wanangoja tena. Kazi hii haiendeshwi kwa kelele, na anayeiharakisha huirudia.

Hapa ndipo lile neno la tatu la mizani ya dhahabu linaporudi. Kitovu cha uzito kikikaribia mno mahali pa kutundikia, meza huwa kama mizani inayohisi kila punje: kugusa kidogo, inainama. Kikishuka mbali, meza inatulia, lakini kuirekebisha kunahitaji uzito mkubwa zaidi. Na kikipanda juu ya mahali pa kutundikia, meza itapinduka kama ile rula. Fundi anapoongeza chombo kirefu juu ya meza, mara nyingi humlazimu kuongeza chuma chini yake, ili kitovu kisipande.

Kuna pia jambo la nyaya. Vyombo vya mezani vinahitaji umeme, na umeme huja kwa waya. Waya mnene uliokazwa huwa kama springi: unaivuta meza upande mmoja, tena unauleta mtikisiko wa sakafu kwa njia ya mlango wa nyuma. Hivyo nyaya huchaguliwa nyembamba na laini, huachiwa zilegee kwa mkunjo, na kufungwa mahali palepale palipoandikwa. Mtu akisogeza waya baada ya kusawazisha, kazi inaanza upya.

Mwisho, kifuniko kikishafungwa na hewa kuondolewa, hakuna mkono unaoweza kuingia tena. Kwa hiyo huachwa ndani vipande vidogo vinavyosogezwa na mota, kwa ajili ya marekebisho ya mwisho. Baada ya hapo kuna sumaku na koili za waya zinazoisukuma meza kidogo kidogo bila kuigusa. Lakini fundi mwenye akili hamwachii sumaku mzigo ambao ulipasa kubebwa na chuma. Sumaku ikifanya kazi kubwa, huleta mtetemeko wake yenyewe. Kusawazisha kwa uzito kwanza, kusukuma baadaye: hiyo ndiyo kanuni.

Tena mafundi hawa huvaa glovu, kwa sababu mafuta ya kidole yakikaa juu ya kioo yatauharibu mwanga. Spana zinazoingia huhesabiwa, na zinazotoka huhesabiwa. Nati moja iliyosahaulika mezani ingetosha kuharibu kazi ya siku nyingi.

MATUNDA YA KAZI HIYO

Mawimbi ya kwanza yalipatikana tarehe 14 Septemba 2015, na vituo viwili vya Marekani viitwavyo LIGO, ambavyo mabomba yake ni ya kilometa 4. Habari ilitangazwa Februari 2016. Tarehe 14 Agosti 2017 Virgo nayo ililipata wimbi pamoja na vituo vile viwili. Siku tatu baadaye, tarehe 17 Agosti 2017, lilikuja wimbi la nyota mbili za nyutroni zilizogongana mbali sana, safari ya miaka milioni 130 kwa mwendo wa mwanga. Kwa kuwa vituo vilikuwa vitatu, wataalamu waliweza kuonyesha ni sehemu gani ya mbingu ielekezewe darubini, na darubini zikauona mwanga wa mgongano huo.

Mwanga ule ulionyesha kwamba katika migongano ya namna hiyo hutengenezwa madini mazito. Wataalamu wanaamini kwamba sehemu ya dhahabu iliyomo ulimwenguni ilitoka katika migongano kama hiyo, kabla dunia yetu haijakuwapo. Basi ndugu wa Butihinda anayeweka punje ya dhahabu kwenye kitanga, na fundi wa Cascina anayesogeza kipande cha chuma kwenye meza yake, wanakutana katika jambo moja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia.

Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilipewa watu watatu, Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne, nao waliistahili. Lakini makala iliyotangaza wimbi la kwanza ilikuwa na majina zaidi ya 1000, na nyuma ya majina hayo walikuwako mafundi wa kuchomelea, mafundi wa pampu, mafundi wa umeme na wasafishaji. Sisi wa vyama vya wafanyakazi hatushangai. Tunajua tangu zamani kwamba kazi kubwa haina mwenyewe mmoja.

Lakini somo tunalolitaka kwao ni jingine. Katika maabara ya namna hiyo namba isiyoeleweka ikitokea, swali la kwanza haliwi: nani ameiba? Swali la kwanza ni: chombo kikoje? Hufunguliwa daftari, kikatazamwa kilirekebishwa lini, nani alikigusa, nini kilisogezwa. Mtu huulizwa ili aeleze alichokifanya, na maelezo yake huandikwa. Hili linawezekana pia kwenye kituo cha kahawa, wala halihitaji leza.

TURUDI GITEGA NA MUYINGA

Mizani nyingi za kahawa leo ni za jukwaa zenye kioo cha namba, zinazotumia umeme au betri. Hizi hazilinganishi uzito na jiwe kama mizani ya vitanga. Zinapima nguvu ambayo mzigo unalikandamizia jukwaa. Na nguvu hiyo hailingani kila mahali duniani. Karibu na ikweta na juu ya milima, mvutano wa ardhi ni mdogo kidogo kuliko Ulaya. Gitega iko digrii 3 na nusu hivi kusini mwa ikweta, tena kwenye miinuko. Mizani ya namna hiyo iliyorekebishwa karibu na Pisa, ikiletwa Gitega bila kurekebishwa upya, itaonyesha gunia la kilo 100 kuwa kilo 99 na gramu 700 na ushei. Karibu gramu 300 zimepotea, wala hakuna mkono wa mtu uliozigusa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kituo kikinunua tani 500 za kahawa nyekundu kwa mizani ya namna hiyo, wakulima watakuwa wamepunjwa karibu tani moja na nusu. Karani hana habari, mkulima hana habari, na mwenye kituo pengine naye hana habari. Mizani ya kusukuma jiwe juu ya mkono wa chuma haina ugonjwa huu, kwa sababu mvutano ukipungua kwa gunia umepungua pia kwa jiwe.

Lakini tahadhari. Mtu asije akatumia habari hii kueleza tofauti kati ya Muyinga na Gitega. Miji hiyo miwili ina latitudo na mwinuko unaokaribiana, na tofauti ya mvutano kati yake ni ya gramu chache tu kwa kilo 100. Namba zikitofautiana kwa nusu kilo au zaidi, sababu itafutwe kwingine.

Sababu moja ni sakafu. Mizani ya jukwaa iliyoinama kwa digrii 5 hupunguza karibu gramu 400 katika kila kilo 100, hata kama ni mpya kutoka dukani. Ikiinama digrii 3 hupunguza gramu 140 hivi. Mvua ikilainisha udongo chini ya mguu mmoja wa mizani, kipimo cha asubuhi hakitakuwa kipimo cha jioni.

Sababu nyingine ni unyevu. Kahawa iliyokaushwa huhifadhiwa ikiwa na maji ya asilimia 11 au 12. Kahawa ya kilo 100 yenye asilimia 12, ikikauka hadi asilimia 11 ghalani au njiani, hupoteza kilo 1 na zaidi. Karani akikatwa mshahara kwa kilo hiyo, amekatwa kwa ajili ya jua na upepo.

MAJARIBIO YA DAKIKA KUMI

Haya basi, wafanyakazi wenzetu, ni mambo ambayo karani anaweza kuyafanya kila asubuhi kabla mkulima wa kwanza hajafika.

Kwanza, tazama pima maji. Mizani nyingi za jukwaa zina kiputo kidogo cha hewa ndani ya kioo. Kiputo kikiwa nje ya duara, zungusha miguu ya mizani hadi kirudi katikati. Kama mizani haina kiputo, tumia pima maji la mwashi.

Pili, tazama sifuri. Jukwaa likiwa tupu na safi, namba iwe sifuri. Kanyaga jukwaa, ushuke, namba irudi sifuri. Isiporudi, kuna kitu kimekwama: changarawe, tope au kamba ya gunia.

Tatu, jaribu pembe nne. Weka mzigo mmoja katikati, usome. Kisha uweke kwenye kila pembe, usome. Namba zikitofautiana sana, mizani ni mgonjwa na aitwe fundi.

Nne, kuwe na chuma cha shahidi. Siku mizani inapokaguliwa na mkaguzi wa vipimo, pimeni kipande kimoja cha chuma kilichopakwa rangi kisishike kutu, muandike uzito wake. Tangu siku hiyo kipimeni kila asubuhi, muandike tarehe na namba. Shahidi huyu hali rushwa, wala hasahau.

Na kwa wenye mizani ya vitanga viwili, kama wauza dhahabu, jaribio ni kubadilishana. Pima kipande katika kitanga cha kulia, kisha katika cha kushoto. Upande mmoja ukikupa gramu 10.2 na mwingine gramu 9.8, mikono ya mizani haina urefu mmoja, na uzito wa kweli ni karibu gramu 10. Mnunuzi anayekataa kubadilisha vitanga, na aeleze kwa nini.

TUNACHODAI

Burundi ina ofisi yake ya viwango na ubora, BBN, iliyoundwa mwaka 1992, na nchi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Kipimo kwetu ni jambo la sheria, si hisani ya mwenye kituo. Kwa hiyo tunadai mambo manne.

Kila mizani ya jukwaa irekebishwe kwa mawe halali ya kupimia mahali pale pale inapofanyia kazi, iwe kituo cha Muyinga au kiwanda cha Gitega, na irekebishwe tena kila inapohamishwa.

Kila kituo kiwe na sakafu ngumu iliyo sawa kwa ajili ya mizani, na chuma cha shahidi pamoja na daftari lake. Daftari liwe wazi kwa mkulima yeyote anayetaka kulisoma.

Mfanyakazi asikatwe mshahara kwa upungufu kabla mizani zote mbili, ya kutoka na ya kupokea, hazijajaribiwa, na kabla unyevu wa kahawa haujapimwa pande zote mbili. Akishaonekana na hatia baada ya hapo, sheria ifuate mkondo wake.

Na mwisho, karani wa mizani afundishwe kazi hii na mafunzo hayo yatambuliwe katika daraja lake la mshahara. Anayejua kusawazisha ni fundi, na fundi alipwe kama fundi.

Viongozi wa matawi wanaombwa kuyasoma majaribio haya mbele ya wanachama kabla ya msimu kuanza, na kwa wasiojua kusoma, wayafanye mbele ya macho yao. Mkulima naye aalikwe. Akiona chuma cha shahidi kikipimwa asubuhi na namba ikitoka ile ile ya jana, atakuwa na sababu ya kuamini namba ya gunia lake. Na siku namba hiyo itakapobadilika, karani na mkulima watakuwa upande mmoja wa meza, wakimdai mwenye mizani airekebishe.